Shamba Lako Liko Ndani ya Mita 60 za Mto? Somo kwa Wakulima Vijana wa Themi na Miteremko ya Meru

Kila masika yakikaribia, swali ni lile lile: "Bwana shamba, wametuambia tutoke mtoni. Sasa twende wapi?" Anayeuliza ni kijana wa miaka ishirini na kitu, amekodi kipande kando ya Themi, Naura, Burka au Nduruma, amepanda kabichi au mchicha, ana pampu ya mkopo, na soko la Kilombero linamsubiri. Akisikia neno "mazingira" anaona ni watu wa halmashauri wamekuja kumvunjia biashara.

Leo tulizungumze hili kwa kirefu. Sitakuambia halmashauri inakosea, wala sitakuambia wewe ni mharibifu. Nataka uijue sheria, uone hesabu ya ekari yako inakaaje, halafu uone wapi kwenye hizi shughuli za kijani za halmashauri kuna hela halali ya kijana na wapi hakuna.

Sheria inasemaje

Watu wengi wanasema "mita 60" lakini hawajui imetoka wapi. Imo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57. Kinakataza shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Soma tena hapo: za kudumu, au zenye kuharibu. Kujenga banda la matofali ni ya kudumu. Kulima kwa kugeuza udongo kila miezi mitatu hadi mdomoni mwa maji ni ya kuharibu, hata kama mchicha wenyewe unakaa wiki nne tu shambani.

Kuna na sheria ya pili ambayo vijana wenye pampu huwa wanaisahau, ile ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Ukivuta maji ya mto kwa ajili ya kilimo cha biashara unatakiwa uwe na kibali cha kutumia maji. Kwa huku kwetu kibali kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, makao yake yako Moshi. Maji ya Themi yakitoka jijini yanaingia Kikuletwa, yanakwenda bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yanashuka Pangani kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls. Kwa hiyo ndoo unayovuta pale Moivo kuna mtu wa Tanga anaisubiri. Ndo maana wanataka kujua nani anavuta na kiasi gani.

Ushauri wangu ni mmoja: kama mpo watano au kumi kwenye kijito kimoja, msiende mmoja mmoja. Jiungeni kama jumuiya ya watumia maji au kikundi, ombeni pamoja. Mtu mmoja mwenye pampu anaonekana kama mvamizi, lakini kikundi chenye kibali kinaitwa kwenye kikao siku maji yakipungua, na mgao ukipangwa nyie mpo.

Hesabu ya ekari moja

Chukua kalamu. Ekari ni mita za mraba 4,047, ile tunayoipima hatua 70 kwa 70. Ikiwa ya mraba, kila upande una kama mita 63.6. Sasa tuseme ekari yako imegusa mto upande mmoja. Toa mita 60. Umebaki na utepe wa mita 3.6 kwa 63.6, yaani kama mita za mraba 229. Ekari nzima imeliwa na mita 60, umebaki na vitalu vya mboga za nyumbani.

Naiweka hesabu hii mbele kwa sababu kuna maafisa wenzangu wanaongea kirahisi mno, "hameni tu mtoni." Ukimwambia hivyo kijana mwenye ekari moja umemwambia aache kilimo. Lazima tuwe wakweli hapo. Lakini hesabu hiyo hiyo iwe onyo kwako wewe unayetaka kukodi msimu ujao: kabla hujatoa hela ya kodi ya shamba la mtoni, nunua kamba ya mita 60, nenda upime. Mwenye shamba hatakupimia. Nimeona kijana analipa kodi ya mwaka mzima kwa kipande ambacho chote kiko ndani ya hifadhi, na siku ya operesheni mwenye shamba hapokei simu.

Kwa nini wanasumbuka na kingo

Wengi mnakumbuka masika ya 2024, mvua zile za El Niño. Tarehe 12 Aprili, siku ya Ijumaa, gari la shule lilisombwa na maji kwenye korongo huku Engosengiu na watoto wakapoteza maisha. Sisemi kwamba kabichi za mtu ndizo zilileta yale maji. Mvua ilikuwa kubwa, mji umejengwa juu ya njia za maji, na makorongo yetu yanajaa kwa dakika chache. Ila maji yanayopita mjini yanatoka juu, Sambasha, Ilkiding'a, Bangata, kwenye miteremko ya mlima wenye zaidi ya mita 4,500. Udongo wa volkano ni mwepesi, ukiuacha wazi unatembea. Simama kwenye daraja lolote la Themi baada ya mvua ya saa moja, uangalie rangi. Ile kahawia ni udongo wa juu wa shamba la mtu, na mbolea ya kukuzia aliyonunua kwa bei ya sasa imo humo.

Hapo ndipo mkulima wa biashara anatakiwa kushtuka, hata kama hajali mazingira kabisa. Kila mvua inapita na mtaji wako.

Ukihama, unahamia na nini

Njia ya kwanza ni kubadilisha unavyomwagilia ili uweze kulima nje ya mita 60 bila kuzama kwenye gharama za mafuta. Mboga wakati wa kiangazi zinahitaji kama milimita 5 za maji kwa siku, ambayo ni lita 5 kwa kila mita ya mraba. Robo ekari ni kama mita za mraba 1,012, kwa hiyo mmea wenyewe unataka lita 5,060 hivi kwa siku. Ukimwagilia kwa mfereji wa udongo, karibu nusu inapotea njiani, hivyo unavuta kama lita 10,000. Kwa matone, ambayo yakifungwa vizuri hupoteza kama sehemu moja ya kumi, unavuta kama lita 5,600. Tofauti ni lita zaidi ya 4,000 kila siku, na kila lita umeisukuma kwa petroli kupanda mlima. Weka matandazo ya majani makavu juu ya matuta, utapunguza tena.

Maji ya paa je? Watu wanayasifu sana, na mimi nayapenda, ila tuyapime. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 10, mvua ya milimita 800 kwa mwaka, ukiondoa sehemu ya tano inayomwagika, unapata kama lita 51,000. Nyingi? Kwa robo ekari yetu ya matone ni siku tisa tu. Maji ya paa hayatoshi bustani ya biashara, yanatosha kitalu cha miche na matumizi ya nyumbani. Na kwa nyumbani huku kwetu yana faida ya ziada: hayana floraidi. Mnajua meno ya watu wa ukanda huu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi kuzunguka Meru vinazidi hapo. Mtoto wako akinywa ya paa, tangi likiwa safi, umemfanyia jambo la maana.

Njia ya pili ni kuufanya ule ukanda wa mto ukupe kitu bila kuugeuza udongo. Hapa niwe mwangalifu, kwa sababu mwenye kauli ya mwisho ni afisa mazingira wa halmashauri yako pamoja na watu wa bonde, wala si mimi. Pandikiza tu baada ya kuandika barua kupitia ofisi ya kijiji au mtaa na kupata jibu la maandishi. Lakini mpango ambao nimeona unakubalika kirahisi unakaa hivi: karibu kabisa na maji acha miti ya asili, mkuyu, mringaringa, msesewe, mruka, na jembe lisifike kabisa. Ukitoka hapo, majani ya kulisha ng'ombe kama matete au Guatemala, yanayokatwa na kubebwa bila kung'olewa. Ng'ombe mmoja mkubwa wa maziwa anakula kilo 50 hadi 70 za majani mabichi kwa siku, na Tengeru, Ngaramtoni, Usa River kote watu wanafuga ndani. Kiangazi ukiwa na majani wewe ndiye tajiri. Mizinga ya nyuki nayo inakaa vizuri kwenye miti hiyo.

Mkaratusi usiuweke mtoni. Najua unakua haraka na nguzo zinauzika, upande kwenye kona yako kavu huko juu. Mtoni utakunywa kile kile unachokitafuta.

Na jamani, kuosha bomba la dawa mtoni. Hii siombi, nakataza. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iko hapo hapo Ngaramtoni, jirani zetu, na bado naona mtu anasuuza bomba kwenye Naura huku mama anateka maji hatua hamsini chini yake. Suuza shambani, mwaga maji ya suuzo juu ya zao lile lile ulilopulizia.

Miti milioni moja na nusu inatoka wapi?

Tuje kwenye hela. Kila halmashauri nchini imewekewa lengo la kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka. Huku kwetu kuna Jiji, Arusha DC na Meru DC, tatu zinazogusana. Zidisha mwenyewe. Hiyo miche haishuki toka mbinguni. Inatoka kwenye vitalu vya serikali, vya mashirika, vya shule na vya watu binafsi, na Siku ya Kupanda Miti Kitaifa, tarehe 1 Aprili, ikikaribia kila ofisi inatafuta miche kwa pupa.

Kijana mwenye kitalu amejipanga kabla. Miche mingi ya miti inahitaji miezi minne hadi sita kitaluni ifikie kimo cha kupandwa. Ukitaka kuuza Machi na Aprili, mbegu ziwe zimeingia kwenye viriba Septemba au Oktoba. Anayeanza Januari anauza vitoto vitakavyokufa. Mbegu nunua kwa TFS au kwa chanzo unachokijua, usikusanye chini ya mti mmoja tu wa jirani, miche yote itakuwa ndugu na udhaifu wake ni mmoja. Kwa miche 10,000 ya viriba vidogo andaa lita 500 hadi 600 za maji kwa siku wakati wa jua. Tangi la lita 10,000 litakupa kama siku kumi na saba, ndo maana nikasema maji ya paa kazi yake ni hapo.

Changanya aina. Usifanye migrevilea mitupu. Weka ya asili kwa ajili ya vyanzo vya maji, weka ya matunda na parachichi za kubebeshwa kwa wakulima, maana huyo ananunua mwaka mzima wakati ofisi inanunua mara moja na kulipa ikijisikia. Kama unauzia ofisi, pata oda ya maandishi yenye tarehe ya malipo kabla hujajaza viriba. Sitaji mtu hapa, lakini nawajua vijana waliokuza miche kwa ahadi ya mdomo, na ikawa kuni.

Nikiri na la kwangu. Mwaka fulani nikiwa mgeni kazini nilisimamia ugawaji wa miche kama 400 kwenye kijiji kimoja cha mteremko. Tulichelewa, ikawa katikati ya Mei, mvua zinaaga. Picha zilipigwa, ripoti ikaandikwa "imepandwa 400." Septemba nilipita, nikahesabu iliyo hai, haikufika 30. Mingine mbuzi, mingine jua. Ile ripoti haikuwa na uongo hata mmoja na bado ilikuwa ya uongo. Tangu hapo nikiulizwa miti mingapi imepandwa nauliza tarehe ngapi, na nani anaimwagilia. Kuna biashara humo pia: kikundi kinachouza mche pamoja na huduma ya kuulinda miezi sita, kuzungushia miiba, kumwagilia, kupandikiza uliokufa, kitakuwa na neno tofauti mezani kwa halmashauri.

Taka za Kilombero

Hii naipitia haraka kwa sababu nina somo zima la mboji linakuja. Soko la Kilombero linatupa majani ya kabichi, maganda ya ndizi na nyanya zilizopasuka kila siku, jiji linalipa magari kubeba mpaka dampo la Muriet, na kule zinaoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayopasha dunia joto kuliko ile ya moshi wa gari kwa uzito ule ule. Wewe huku unanunua mbolea.

Ongea na uongozi wa soko na ofisi ya usafi ya jiji, omba kutenganishiwa za kuoza asubuhi kabla hazijachanganyika na plastiki. Kiasi unachoweza kubeba, siyo soko zima. Lundo liwe na upana na kimo cha kama mita moja na nusu, tabaka la mabichi, tabaka la makavu kama mabua au pumba, samadi kidogo. Baada ya siku tatu nne chomeka kijiti cha chuma katikati: kikitoka cha moto mpaka huwezi kukishika, iko vizuri, joto hilo la nyuzi 55 na zaidi linaua mbegu za magugu na vimelea vingi. Geuza kila siku saba hadi kumi. Miezi miwili mitatu ni tayari. Mimea yenye mnyauko wa nyanya usiingize kabisa, usiuamini moto. Ukitaka kuifunga kwenye mifuko na kuiuza, onana kwanza na TFRA, kuuza mbolea kuna usajili wake.

Kikao ambacho vijana hawaendi

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Nikienda naona wazee na akina mama. Vijana wako shambani au kwenye bodaboda, halafu wakisikia sheria ndogo ya mazingira imepita wanashangaa. Ilipitia mbele yenu, hamkuwepo. Kijiji na mtaa vina kamati ya mazingira pia. Ulizia nani yumo na lini nafasi zinajazwa.

Kuna mfano wa karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro, mkoa wetu huu huu, zilifanya majaribio ya kupeleka fedha za mabadiliko ya tabianchi hadi ngazi ya chini, taasisi ya Hakikazi Catalyst ya hapa Arusha ikiwa mmoja wa waratibu. Badala ya mtaalamu kuja na mradi wake, wananchi walikaa wakachagua wenyewe. Miradi mingi waliyochagua ilikuwa ya maji, kwa sababu mfugaji anajua kinachomuua. Baadaye utaratibu huo ukapelekwa wilaya nyingine nchini. Nachotaka uone ni kwamba waliopata ni waliokuwa kwenye kikao na hoja iliyoandikwa.

Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai 1. Maombi ya vijiji na mitaa yanakusanywa miezi mingi kabla, kwa hiyo kikundi kinachotaka kitalu, mfereji uliosakafiwa au tangi la pamoja kiwe na karatasi yake mezani kabla ya mwaka kwisha, siyo Mei. Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo usio na riba. Ni mkopo, utarudishwa. Kitalu chenye oda au majani yenye wateja wa ng'ombe ni andiko linalosomeka vizuri kuliko "tunaomba mtaji wa kilimo."

Mmoja ataniuliza kuhusu kaboni. Ninyi wa nusu ekari, msipande miti kwa kungoja hela ya kaboni. Ile mnayoisikia ya Yaeda kwa Wahadzabe ni ardhi ya jamii, maelfu ya hekta, na mkataba wa miaka mingi. Akija mtu na fomu na anataka ada ya usajili, mpeleke kwanza ofisi ya kijiji, na aonyeshe usajili wake kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2022.

Kwa wiki hii kazi yako ni ya kamba tu: pima mita 60 kutoka ukingo pale maji yanapofika masika, siyo pale yalipo sasa hivi kiangazi. Chomeka mambo mawili, piga picha, uje nayo ofisini. Tutachora pamoja wapi pampu ikae na wapi majani yaanzie, na barua ya kwenda kwa afisa mazingira tutaiandika siku hiyo hiyo.